Kidole cha Nenu na Baraka ya Paulo

Kesho ni sikukuu ya Mtume Paulo, na kijiji kizima kimevalishwa bendera, mpaka madirisha ya watu wasiosali. Sisi wa bendi ya Paulo, ile ya tarumbeta za sikukuu, tumekaa palepale tunapokaa kila siku, kwenye benchi la mlangoni mwa baa, kahawa ya maziwa kwenye gilasi. Kulia kwangu Wistin, tunamwita Profesa kwa sababu alikuwa bawabu wa chuo kikuu. Kushoto Salvu Nahodha, ambaye maisha yake yote alipaka meli rangi bandarini na hajaongoza hata boya. Mimi ni Kengele, na jina hilo sina haja ya kulieleza, nikianza kuongea utalielewa. Ng'ambo ya uwanja wamekaa mahasimu wetu, wale wa bendi ya Malaika Mikaeli, wanatutolea macho kama kawaida yao. Ndipo akaja Nenu Kitunguu, mkulima, mmoja wa wanaume wanane watakaobeba sanamu ya mtume mabegani kesho. Akaagiza kahawa kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia kauweka mezani, kaufunika kwa kofia, na Nenu ile kofia hata kanisani haivui mpaka akumbushwe.

— Una nini hapo chini? nikamuuliza.

— Sina kitu.

— Toa tuone.

— Kengele, niache ninywe kahawa yangu.

Salvu hakungoja, akainyanyua kofia. Kidole cha kati kimevimba, chekundu, kina matundu mawili madogo.

— Nyigu huyo, akasema Salvu.

— Nyoka, akanong'ona Nenu. — Nilikuwa nachuma kapari, matumba yale ya kuchachua, kwenye ukuta wa mawe kule shamba la juu. Nikatia mkono kwenye tundu. Rudisha kofia bwana, wale wa Mikaeli wanaona!

Nikacheka, kusema kweli. Nikacheka kwa sauti.

— Sasa hofu ya nini? Wewe umezaliwa wapi? Paulo meli ilimvunjikia hapa, babu zetu wakamwashia moto aote, nyoka akatoka kwenye kuni akamng'ata mkono. Akamkung'utia motoni, basi. Tangu siku hiyo hakuna nyoka mwenye sumu kisiwa hiki. Hata mtoto wa chekechea anajua!

— Najua, Kengele. Najua. Lakini kinapwita.

— Kinapwita vipi?

— Kinapwita. Kama kina moyo wake.

Hapo kicheko kikaniisha. Profesa akavaa miwani, akainama juu ya kile kidole.

— Swali ni moja, akasema. — Huyo nyoka ni wa hapa?

— Nimemuuliza pasipoti, si ndiyo? Alikuwa mweusi. Au kijivu. Sikukaa kumwangalia!

— Maana baraka iliwashika nyoka waliokuwepo siku ile, na vizazi vyao. Lakini makontena yanayoshuka bandarini kila siku? Machungwa ya Misri, mbao za sijui wapi? Nyoka akijificha humo, akashuka, huyo Paulo hajamsikia hata kwa jina. Sumu yake anayo yote.

Nenu akakivuta kidole kifuani.

— Usimtishe mwenzako, akasema Salvu. — Baraka haikai kwenye nyoka, inakaa kwenye udongo. Nyoka wa nje akigusa udongo wetu tu, kwisha kazi, sumu imekuwa maji.

— Alikuwa ukutani, akasema Nenu.

— Nini?

— Alikuwa kwenye ukuta, Salvu. Juu. Hajagusa udongo.

Salvu akakuna shingo. Fataki ya adhuhuri ikalipuka juu ya kanisa, sote tukaruka, na Nenu akakumbatia mkono wake kama kuna mtu aliyetaka kumnyang'anya.

— Nenda hospitali, nikamwambia. — Mara moja tu, uonekane, urudi.

— Nikaseme nini? Leo, mkesha wa sikukuu? Mimi mbebaji wa Paulo, nimeng'atwa na nyoka katika kisiwa cha Paulo, nataka dawa ya sumu? Kengele, yule wa mapokezi ni dada yake mpiga tarumbeta wa Mikaeli! Kabla sijavaa viatu, kijiji kizima kinajua. Na wao sanamu yao malaika kakanyaga joka. Watasema nini? Joka letu tunalikanyaga, lenu linawatafuna! Nitaitwa Nenu Nyoka. Mwanangu ataitwa wa Nyoka. Mjukuu wangu ambaye hata hajazaliwa ataitwa wa Nyoka.

Hapo alisema kweli. Hapa kwetu mtu anazikwa, jina lake la utani linabaki linazunguka uwanjani. Babu yake Nenu aliiba kitunguu kimoja akiwa mdogo, na ndiyo hao mpaka leo, Kitunguu ukoo mzima.

— Kuna jambo limenijia, akasema Profesa polepole, na nikajua tumekwisha. — Sumu ya nyoka haikupotea. Wazee walisema ilikwenda wapi?

— Kwenye ndimi za wanawake, nikajibu.

— Sawasawa. Sasa wasikilize wasichana wa siku hizi. Wamesoma, wanaongea taratibu, samahani na asante kila dakika. Bibi yangu mimi alikuwa akikusalimia tu unaugua wiki. Ile sumu imetoka kwenye ndimi. Imekwenda wapi?

Salvu akaweka gilasi yake chini.

— Imerudi, akasema Salvu. — Mama yangu! Imerudi kwa wenyewe!

— Nyamazeni, akasema Nenu. — Kimefika kwenye kiwiko. Yaani maumivu. Yamefika kwenye kiwiko.

Niliogopa. Nasema wazi. Kile kidole sasa kilikuwa bilingani dogo, na Nenu jasho linamtiririka, na sisi wanaume wazima tumemzunguka tunakitazama tu.

— Lete mkono, akasema Salvu akisimama. — Mimi nimezaliwa usiku wa sikukuu ya Kuongoka kwa Paulo, na wa usiku huo nyoka na tandu hawatuwezi. Mate yangu ni dawa. Mama alikuwa ananipeleka kwa watu walioumwa na tandu, naenda nawatemea, wanapona.

— Kweli? Kwa nini hukusema mapema?

— Kwa sababu... si unajua. Nilizaliwa karibu na saa sita usiku.

— Kabla au baada?

— Mama aliangalia saa ya kanisa.

— Saa ipi? akauliza Profesa.

Salvu akakaa chini taratibu. Kanisa letu lina saa mbili mnarani. Moja inasema kweli, nyingine inadanganya, ili shetani asijue muda wa misa. Mama yake Salvu, akiwa na uchungu wa kuzaa, hakukumbuka aliangalia ipi.

— Tema tu, akasema Nenu.

— Nenu...

— Tema, Salvu, nakuomba!

Salvu akatema. Tukangoja. Mate yakatelemka pembeni ya kidole yakadondokea kwenye sahani ya pastizzi, sambusa zetu za jibini, na hakuna kilichobadilika isipokuwa hamu yetu ya kula.

Profesa angenyamaza hapo angekuwa mtu wa maana. Hakunyamaza.

— Kuna kisiwa kingine, akasema akiangalia viatu vyake. — Kule kwa Wakroatia. Wanadai meli ya Paulo ilivunjikia kwao, si hapa.

— Wistin! nikapiga meza. — Leo? Mkesha wa sikukuu? Utoke kwenye hili benchi!

— Sijasema ni kweli! Nimesema wanadai!

— Ikiwa ni kule, akasema Nenu, na midomo imemkauka, — basi nyoka wa hapa hakuna aliyewahi kuwagusa.

— Ni hapa, Nenu. Ni hapa, nakuapia.

— Unaapia nini, Kengele? Ulikuwepo?

Ndipo tukasikia kandambili zinakuja mbio. Rozina, mke wa Nenu, na funguo za gari mkononi. Kapu la kapari amelikuta limetupwa njiani, limemwagika, na Nenu hajawahi kumwaga hata kapari moja. Hakutusalimia. Akaondoa kofia, akakitazama kidole, akageuka rangi.

— Nyoka?

— Shemeji, tulia kwanza, nikasema. — Nyoka wa hapa hawana sumu. Paulo aling'atwa, hakuvimba, hakufa. Unajua mwenyewe.

— Najua. Paulo hakuvimba. Huyu kavimba, akasema Rozina, akatutazama mmoja mmoja. — Hebu niambieni nyie mnaokaa hapa tangu asubuhi. Baraka ile ilikuwa kwa nyoka, au ilikuwa kwenye mkono wa Paulo?

Nikamtazama Profesa. Profesa akamtazama Salvu. Salvu akatazama mnara, saa zote mbili, kama vile moja ingemjibu.

— Maana kama ilikuwa kwenye mkono wa Paulo, akasema Rozina, — huu ni mkono wa Nenu.

Nenu akasimama. Nikamshika kwapani. Rozina akampitisha katikati ya uwanja, mbele ya wale wa Mikaeli wote, ule mkono umevimba nje mchana kweupe bila kofia.

— Jina, Rozina, nikamsikia anamwambia. — Watoto watapewa jina.

— Mimi nimeitwa Kitunguu tangu siku ya harusi na sijafa, akamjibu. — Twende.

Mlangoni mwa gari Nenu akageuka kututafuta. Uso wake ulikuwa mweupe.

— Kengele! Nikifa, usiseme nyoka. Sema moyo. Umesikia? Sema ni moyo!

— Nimesikia, nikamjibu.

Gari likaondoka. Ng'ambo ya uwanja, wale wa Mikaeli walikuwa wamesimama. Hakuna aliyecheka. Mpiga tarumbeta wao alivua kofia.

Gilasi ya Nenu ikabaki mezani, imejaa, na hakuna aliyeigusa. Salvu alikuwa amekunjua kiganja chake cha kulia, anakitazama. Nikatazama changu. Nacho hakikuwa cha Paulo.