Namba ya Doreen Haihami

Juzi, ndani ya basi la kutoka Barnsley kwenda Wakefield, huko Uingereza, mbele yangu walikaa akina mama wawili wasiojuana. Mwenye kofia ya sufu, Doreen, alilalamika kwamba binti yake yuko Australia na simu ya mezani inamkausha mfuko, lakini kuihama kampuni yake ya simu hataki ng'o.

"Na usiiache, kipenzi," akasema mwenzake, Hilda, akimpa peremende. "Laini inabaki palepale. Ukimpigia binti, tanguliza tarakimu chache za kampuni nyingine, nao watayabeba maneno yako kwa bei ya kutupa. Mimi nilimpigia dada yangu wa Kanada nikaoka keki, ikaiva, ikapoa, bado tunasengenya!"

Keki hiyo sikuitilia shaka. Kipaji kama hicho huheshimiwa.

"Na namba yangu je?" Doreen akauliza, sauti imeshuka. "Kijana wangu Clive aliondoka kwa hasira, na namba anayoijua ni hiyo tu. Simu ikilia naitaja namba kwanza, hata kabla ya 'halo', ajue hajapotea."

"Endelea kuitaja, bibi wee! Tarakimu ni za wewe kupiga. Anayekupigia haguswi."

"Unaapa?"

"Nikidanganya, niyameze meno haya ya bandia."

"Mume wangu atasema ni utapeli."

"Mwache aseme. Wewe bonyeza."

 Basi liliposimama, Doreen alishuka mbiombio, kama mtu aliyesikia simu ikilia nyumbani.