Kumuaga Eliana, na Habari ya Gambuti Zenye Matope

Leo ni Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2024. Ni miaka sita na miezi minne tangu nilipopanda basi hapa Kinyangiri kwenda kukata miwa Kilombero, na katika miaka yote hiyo sijawahi kusimama mbele ya watu wengi namna hii, isipokuwa siku ya mshahara, na siku hiyo hakuna anayehutubia.

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji pamoja na Mtendaji wako. Mwalimu Mkuu uliyetupa uwanja huu wa shule na madawati ya darasa la saba. Mchungaji wetu na Shehe wetu, ambao leo mmekaa benchi moja. Wazee wangu, shikamooni. Kaka yangu Melkizedeki. Mke wangu Flora, ambaye amenionya nisiseme maneno mengi. Ndugu, majirani na wageni wote: nawasalimu kwa heshima. Mimi ni Gabrieli, baba yake Eliana. Watoto wadogo wa hapa hamnijui kwa sura, mnanijua kwa sauti ya simu.

Tumekutana kumuaga binti yetu, anayeondoka keshokutwa kwenda chuo kikuu kusomea shahada ya uhifadhi wa maliasili. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, na hilo la saba nalo nililimaliza nikiwa machungani zaidi kuliko darasani. Kwa hiyo nikikosea, msicheke sasa hivi. Subirini chakula.

Niseme kwanza jambo ambalo wengi mnalijua na kwa adabu yenu hamlisemi. Kile kilima nyuma ya shule, ambacho leo kimebaki mawe matupu, nilikimaliza mimi. Sikuwa peke yangu, lakini tanuri langu lilikuwa kubwa kuliko ya wenzangu. Nilikata miyombo, nikachoma mkaa, nikaupeleka Singida Mjini, na miti ilipokwisha, na korongo likaanza kukauka mwezi wa sita badala ya mwezi wa tisa, nikafunga begi langu. Watu husema Gabrieli alikwenda kutafuta maisha. Maisha yalikuwa hapa, ndugu zangu. Niliyachoma nikayatia kwenye magunia.

Nilipoondoka Eliana alikuwa na miaka kumi na mitatu. Akitoka shule alikuwa anafuatana na Mzee Antipasi, jirani yetu ambaye yeye humwita Babu, kwenda kuangalia mizinga ya nyuki. Siku moja akanipigia simu nikiwa katikati ya miwa, akaniambia kwamba mizinga ya Babu iliyokuwa na nyuki ilikuwa kumi na saba, na sasa imebaki minne. Mimi nikamuuliza kama amemaliza kazi ya shule. Hilo ndilo jibu alilopata kwa baba yake. Lakini hakuacha kwenda kuiangalia ile mizinga, na alipomaliza kidato cha sita kwa alama nzuri, hakutaka kusikia habari ya kozi nyingine yoyote. Nilitamani asomee unesi. Akanijibu kwa upole kwamba nesi anatibu watu, na watu wanakunywa maji ya korongo. Je, korongo atalitibu nani?

Mzee Antipasi, shikamoo tena. Nilisikia uliyoyasema pale mashine ya kusaga, kwamba Gabrieli anasomesha askari atakayekuja kukamata ng'ombe zetu. Na nilisikia pia mjukuu wako alivyokujibu. Alikwambia, "Babu, nitaanza na mizinga yako. Ng'ombe zako nitazikamata mwisho." Wanasema ulicheka mpaka ukashika fimbo. Leo umekuja na ndoo ya asali. Mungu akuweke.

Sasa nije kwenye chuo. Eliana alipata barua mbili. Ya kwanza ilitoka chuo cha serikali, cha zamani, chenye mabweni yaliyochakaa, na ada yake ni chini ya nusu ya kile kingine. Ya pili ilitoka chuo cha binafsi katika jiji moja kubwa, ambacho sitakitaja, maana sikuja hapa kugombana. Barua yake ilikuwa na karatasi inayoteleza na picha ya tembo. Kaka yangu Melkizedeki ndiye aliyeitafuta, kwa mapenzi yake kwa mtoto. Akatuambia kwamba kitu cha bei ndogo kina sababu yake. "Mdogo wangu," akaniambia kwenye simu, "nani anauza ng'ombe mzima kwa bei ya mbuzi?"

Nani angembishia? Ukoo ukakaa, ukakubaliana maksai wawili wa Flora wapelekwe mnada wa Alhamisi. Ninyi majirani mnawajua maksai wale. Kwa miaka sita, mimi nikiwa sipo, hao ndio waliolima shamba letu, na mashamba ya wengi wenu kwa malipo, na hao ndio waliomfikisha Eliana kidato cha sita. Flora, nikaambiwa, aliinuka akaenda zizini. Mke wangu akiacha kikao, ujue anaumia. Na ile nafasi ya chuo cha serikali ilitakiwa kuthibitishwa kabla ya Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, ikipita, imepotea.

Vyuo vyote viwili viko karibu na kazini kwangu kuliko na hapa. Nikamuomba nyapara siku tatu. Mwenzangu Laurian akakubali kushika mistari yangu ya miwa, akasema nikirudi bila chuo nitakata ya kwangu na ya kwake.

Jumanne nikafika kile chuo chenye tembo. Ndugu zangu, nilipokewa. Nilipewa chai na biskuti na kijana mwenye tai, akaniita mzee wangu, akanitembeza kwenye vyumba vyenye vioo. Nikamuomba anionyeshe stoo ya vifaa, maana sisi vibarua tukifika shamba jipya hatuangalii ofisi, tunaangalia mapanga. Akaifungua. Gambuti zimepangwa jozi kwa jozi, zimefungwa kwa kamba, zinang'aa. Darubini ziko kwenye maboksi yake. Nikamsifu. Nikamwambia hapa kuna watu wasafi. Nikatoka nje nikampigia kaka yangu, nikamwambia wapelekeni mnadani.

Hilo kosa ni langu. Mtu niliyeshika zana miaka yote hii, nikaona zana ambazo hazijashikwa na mtu, nikasema ni usafi.

Alhamisi nikapitia kile chuo cha serikali, kwa sababu tu basi linapita hapo. Nilikuwa nimevaa nguo zangu za kazi, na panga langu liko ndani ya gunia. Mlinzi akaniangalia, akasema, "Umechelewa, wenzako wameshaanza," akanipa koleo, akanielekeza kwenye kitalu cha miche. Mtu aliyezoea kibarua akipewa koleo haulizi. Nikachanganya udongo na kuujaza kwenye viriba vya plastiki kuanzia saa mbili asubuhi mpaka karibu saa sita, na hakuna aliyeniuliza jina.

Ndipo akaja mwalimu mmoja mama, Daktari Jesca, na wanafunzi kama ishirini. Wote walikuwa na gambuti zenye matope mpaka magotini, na za mwalimu zilikuwa na kiraka cha mpira. Wakapiga magoti kwenye udongo. Mwalimu akauchukua mche wa kijana mmoja aliyeuhamisha kwenye kiriba, akauchomoa, akauinua juu. Mzizi ulikuwa umekunjwa.

"Huu utaota vizuri mwaka wa kwanza," akamwambia. "Mwaka wa pili pia. Wa tatu utakufa, na wewe utakuwa umeshapewa shahada yako. Nani atakutafuta akuulize?"

Kijana akarudia miche yake yote sitini. Hakununa hata kidogo.

Kisha mwalimu akanigeukia, akaniuliza nani alinifundisha kuchanganya udongo vile. Nikamwambia hakuna, ila nimetoka kwetu Mkalama na nimechoma mkaa miaka mingi, naujua udongo wa miyombo. Nilidhani atanifukuza. Akawaita wanafunzi wake wasogee, akaniomba niwaeleze mchoma mkaa anachagua mti gani kwanza, anaacha upi, na kisiki kinachipua baada ya muda gani. Nikaeleza. Nao wakaandika. Watu wenye kalamu waliandika maneno yangu, wazee wangu, na hakuna aliyecheka.

Akaniuliza nimeajiriwa pale lini. Nikamwambia sijaajiriwa, mimi ni mzazi, nimekuja kuangalia chuo. Hapo ndipo walipocheka, na mlinzi naye akaitwa aje achekwe.

Mimi sikucheka nao muda mrefu, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye miguu yao, na moyo wangu umerudi kwenye ile stoo ya Jumanne. Simu yangu ilikuwa imezima. Nikamuomba Daktari simu yake, nikampigia Melkizedeki. Alikuwa tayari mnadani.

"Kaka, shikamoo. Rudisha ng'ombe nyumbani."

"Marahaba. Mnunuzi ameshaangalia meno."

"Mwambie afunge mdomo wa ng'ombe."

"Umeona nini huko?"

"Gambuti zina matope."

"Gabrieli, umekunywa?"

"Tangu asubuhi sijanywa hata maji. Kule zilikuwa safi, kaka. Zote. Na wenyewe wanasema wanasomesha watu wa porini."

Nikawa nasikia ng'ombe na kelele za mnada. Kisha nikamsikia anasema, "Twendeni nyumbani," na hakuwa anaongea na mimi, alikuwa anaongea na maksai.

Kaka yangu si mtu wa kushindwa kimyakimya, na ndiyo maana leo namsifu mbele yenu. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Mkuu, wakafungua kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu, ukurasa kwa ukurasa. Kile chuo chenye tembo kimo. Shahada ya uhifadhi kwenye chuo hicho haimo. Akawapigia simu. Wakamwambia ipo kwenye mchakato. Mchakato, ndugu zangu, hauvai joho. Akafunga safari mpaka nyumbani kwangu, akamuomba radhi Flora mbele ya watoto, na jioni ile ile akamsaidia Eliana kuthibitisha nafasi yake. Ni wangapi kati yetu, tukiwa wakubwa wa ukoo, tungeweza kufanya hivyo?

Ninyi wazazi mnaosomesha, sina elimu ya kuwafundisha. Lakini bei kubwa si sifa, na bei ndogo si aibu. Angalieni kwanza kama Tume inaitambua hiyo kozi, muulizeni Mwalimu habari za mkopo wa serikali mapema, kama Eliana alivyofanya akapata sehemu ya ada yake. Halafu mmoja wenu apande basi akaone kwa macho. Na akifika asikae sana ofisini.

Eliana, mwanangu, simama watu wakuone. Unakwenda kusomea kitu ambacho baba yako alikiharibu. Sikuoni kama malipo yangu, wewe si gunia la mkaa. Nenda ukajifunze mpaka ukirudi uweze kuniambia nilipokosea, na mimi nitakaa chini nisikilize. Ndugu Mwenyekiti, kabla ya shughuli hii nilikuomba kile kilima kisichungiwe wala kisikatwe mpaka binti arudi, na ukaniahidi kulipeleka jambo hilo kwenye mkutano wa kijiji. Nakushukuru. Mzee Antipasi, ng'ombe zako zikipita pale nitapigiwa simu.

Nawashukuru wote: mliochangia mchele, mliochangia maneno, na mliokaa juani mkinisikiliza mimi kibarua kama vile nina cheo. Kesho alfajiri narudi Kilombero. Nitakuja mwezi wa tatu, kiwanda kikisimama kwa ajili ya masika, nitakaa wiki tatu. Na wewe Flora, sikia hili mbele ya Diwani, Mchungaji na Shehe, ili nisije nikakataa baadaye: maksai wangeuzwa, ningekata miwa mpaka uzee. Hawakuuzwa. Nimebakiza miaka mitatu. Eliana atavaa joho lake mwishoni mwa mwaka 2027, na mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo, kabla ya mvua za kwanza, nitashuka basi hapa Kinyangiri, na safari hiyo sitakata tiketi ya kurudi.