Mkalisheni Chini

Ndugu Mwenyekiti wa tawi, wazee wangu, shikamooni. Marahaba zenu nimezisikia, ingawa zimetoka kinyonge, nadhani ni jua. Kina mama, habari za majumbani? Nyie vijana mliosimama kule ukutani, sogeeni karibu, leo hapa hakamatwi mtu. Afande amekuja na mawaidha yake tu, na mmeshayasikia: zimeni majiko ya mafuta ya taa kabla hamjalala, msivuke Barabara ya Uhuru huku mnapiga soga, msimfungulie mlango mtu msiyemjua, na zikipigwa kelele za mwizi msikimbilie mawe. Mimi nimesimamishwa kwa ajili ya lile la mwisho, la kelele za mwizi, kwa sababu mwenzenu lilinipata mwilini. Afande ameniomba niseme kwa ufupi. Tutaona.

Mimi ni mchukuzi. Nimetoka kusini, nikafikia kwa mjomba wangu hapa hapa Ilala, na wengi wenu nimewabebea magunia yenu pale Kariakoo. Kazi yetu ina jambo moja ambalo asiyebeba hawezi kulijua. Mzigo ukiwa kichwani, kusimama kunachosha kuliko kwenda. Ndiyo maana sisi hatutembei, tunakimbia, ile mbio ya hatua fupi fupi, shingo imenyooka, na anayezubaa njiani tunamwambia "pisha, mafuta!" hata kama tumebeba mchele. Mwenye mzigo tunamwambia "nifuate", halafu tunaenda zetu. Mwenyeji wa Kariakoo anajua hivyo, hana wasiwasi, atakukuta mbele.

Sasa, ndugu zangu, nawaambia ukweli mbele ya afande mwenyewe, na kwa kabila ni mtani wangu kwa hiyo hawezi kununa: miaka ile polisi nilikuwa siwapendi. Ilikuwa ukikutwa barabarani saa za kazi na huna kitambulisho cha kazi, unapandishwa gari, unaambiwa wewe mzururaji, rudi kijijini ukalime. Mchukuzi kitambulisho chake ni jasho, na jasho halina muhuri. Tukiona kofia ya polisi tu, tunayeyukia vichochoroni. Kwa hiyo sajenti huyu alipoanza kuzunguka kwa mabalozi wa nyumba kumi kumi, anataka eti kukaa na wananchi waongee, mimi nilipita mbali. Nilisema huyo ni paka amekuja kuwafundisha panya kusoma.

Lakini Mama alienda. Mama ninayemsema ni yule anayetuuzia wali na maharage pale nyuma ya soko, mnamjua, msiomjua mna hasara. Aliporudi kutoka mkutanoni alikuwa anacheka mpaka upawa unamtikisika mkononi. Akatuambia, "Wanangu, leo nimesikia mapya. Sajenti anasema mkimkamata mwizi msimpige. Mkalisheni chini, na nyie mkae chini, mtu mmoja akawaite polisi. Nikamuuliza, afande, tumkalishe mwizi, na chai tumpe?"

"Akasemaje?"

"Akasema, na chai mpeni kama mnayo. Nikamwambia sukari yenyewe tunaipangia foleni!"

Tukacheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote, na nikaongezewa maharage.

Haukupita muda mrefu. Asubuhi moja nikampata mzee mmoja kwenye stendi ya mabasi ya bara. Mzee wa watu, kanzu imechakaa lakini safi, ana sanduku la bati limefungwa kamba. Alikuwa amekuja kununua nguo za harusi ya binti yake, na kwao walikuwa wamemjaza maneno: Dar es Salaam wezi watupu, ukipepesa macho umeliwa. Nikaweka ngata yangu kichwani, nikalipandisha sanduku, nikamwambia, "Nifuate, mzee wangu." Nikaondoka na mbio zangu.

Mzee hakujua. Tulipofika Msimbazi mkokoteni wa viazi ukakatisha kati yangu na yeye. Ulipopita, mimi sionekani. Mzee wa watu akaona yale aliyoambiwa kwao yametimia. Akapiga kelele: "Mwizi! Mwizi jamani! Sanduku langu!"

Mnajua mimi nilifanya nini? Niligeuka kumtafuta mwizi. Haki ya Mungu. Niligeuka na sanduku kichwani, nataka kuona ni nani huyo, nikawaona watu wananijia mimi.

Pigo la kwanza lilinipata begani, sanduku likaanguka. Nikasema, "Mimi mchukuzi!" Nani asikie? Kelele ilikuwa kubwa, na kila anayefika anafika na hasira mpya, anapiga kwanza, kuuliza baadaye. Nilimwona mtu ambaye asubuhi ile ile tulikunywa wote chai ya rangi. Ananijua kabisa. Lakini aliniangalia kama hajawahi kuniona, akanipiga teke. Hilo liliniuma kuliko nondo iliyonivunja mkono. Nikaanguka, nikajikunja, nikaanza kutoa shahada kimoyomoyo kwa sababu niliona kabisa kwamba kesho sitakuwepo.

Ndipo nikasikia sauti ya Mama. Sijui nani alimwambia, sijui aliliachaje sufuria jikoni. Alipenya katikati ya wanaume wale kwa mabega. Hakumshika mtu, hakumsukuma mtu. Alifika pale nilipolala akakaa chini. Alikaa kwenye vumbi, akanyoosha miguu, akajifunika ushungi wa kanga, vile vile kina mama mnavyokaa msibani. Halafu akapaza sauti: "Mkalisheni chini! Na nyie kaeni! Mtu mmoja akimbie kituoni!" Wenzake wawili wanaouza chakula naye wakaja wakakaa, mmoja upande huu, mmoja upande ule.

Jamani, nani atarusha jiwe penye wanawake watatu wamekaa kama wamefiwa? Hata mhuni ana mama. Mikono ikabaki juu. Mmoja akafoka, "Mama, ondoka, huyo mwizi!" Mama akamjibu, "Kama ni mwizi, ataendelea kuwa mwizi mpaka afande afike. Kaa chini, baba, utachoka." Na yule mtu, wallahi, akachuchumaa. Akichuchumaa mmoja, wa nyuma yake anajiona mjinga kusimama na jiwe.

Sajenti huyu alipofika hakuja na mbio wala rungu. Alisema, "Nani ameibiwa?" Akarudia, "Ndugu zangu, nauliza, nani ameibiwa?" Watu wakaanza kutazamana. Watu chungu nzima na hakuna mwenye mali! Hapo ndipo mzee akafika anahema, akaniona, akaweka mikono kichwani. "Huyu ndiye mchukuzi wangu," akasema. "Mbona mmemuua mchukuzi wangu?" Sanduku lilikuwa pale pale, kamba yake haijaguswa.

Sijafika kwenye shida yenyewe bado. Kipigo ni siku moja. Hospitali walinifunga mkono, wakanishona kichwa, na mzee yule alikuja kuniona kila siku mpaka basi lake likaondoka, analia, mimi ndiye nambembeleza. Shida ilikuja nilipotoka. Mwili ulipona, moyo ukakataa. Nilikuwa siwezi kufika kwenye kona ya mtaa wetu. Watoto wakicheza nje wakapiga kelele, mimi jasho linanitoka, natafuta pa kujificha. Mke wangu akawa ndiye anayekaanga vitumbua alfajiri na kwenda kuuza, mimi nimelala nimeutazama ukuta. Mwisho akaniambia, "Mume wangu, mzazi anakaa ndani siku arobaini. Wewe umejifungua nini?"

Chekeni tu. Mimi siku ile sikucheka. Niliona aibu mpaka nikatamani wangenimaliza. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu huenda kuna mtu hapa naye anatamani hivyo kwa jambo lake, ajue kwamba hayuko peke yake.

Siku moja mlangoni ikapigwa hodi, nikachungulia dirishani, nikaona kofia. Nikasema basi, wamekuja kuchukua wasio na kazi. Nikaingia chini ya kitanda. Mke wangu akamwambia sajenti, "Hayupo, ametoka," na miguu yangu yote miwili imebaki nje! Sajenti akavua viatu, akakaa kwenye mkeka, akaanza kuongea na kitanda. "Ndugu yangu wa chini ya kitanda," akasema, "sikuja kukukamata. Nimezunguka mitaa yote nawaambia watu wasipige, wananicheka. Mimi sijapigwa, ndiyo maana. Wewe wangekusikiliza."

Nikajibu kutoka kule kule chini, "Sitaki."

"Haya," akasema. "Nitakuja tena."

Na alikuja tena, na tena. Akija anakuta chai, na mara moja alikuja na sukari yake mwenyewe kwenye karatasi, mke wangu akampenda kuanzia hapo. Mimi nilitoka chini ya kitanda kidogo kidogo. Mkutano wa kwanza nilioenda naye nilisimama mbele ya watu, nikafungua mdomo, nikalia, nikakaa. Nilidhani nimemwaibisha. Lakini ulipokwisha, watu walikuja kunishika mkono bila kusema kitu.

Wachukuzi wenzangu nao hawakunitupa. Walikaa na sajenti, wakakubaliana kila mchukuzi awe na kibao cha bati chenye namba yake, na kabla hajanyanyua mzigo anampa mwenye mzigo akishike. Hata mchukuzi akikimbia mbele, wewe una namba yake kiganjani. Kwa kuwa tangu kipigo kile shingo yangu haikuwa tena ya kubebea, wakanipa kazi ya kuvigawa vibao asubuhi na kulinda stoo ya mizigo inayosubiri. Nikarudi Kariakoo. Lakini nilikuwa nakaa nyuma kabisa, mgongo ukutani, na kelele ikitokea popote naingia stoo nafunga mlango.

Sasa sikilizeni hapa. Mchana mmoja kelele ikapigwa Mtaa wa Mchikichi, karibu kabisa na stoo yetu. "Mwizi! Mwizi!" Nikashika mlango niufunge. Nikamwona anakuja, mwanamume mzima mwenye ndevu, na mkononi ameshika saa ya mtu, mkanda umekatika. Huyu hakuwa mchukuzi. Huyu alikuwa mwizi kweli. Na nilimchukia, sitawaficha. Niliwaza, ni kwa sababu ya watu kama nyie mimi nilivunjwa. Walimwangusha hatua chache kutoka nilipo, na nikaisikia ile sauti ya jiwe na mfupa. Ukishaisikia mwilini mwako huisahau.

Miguu yangu ilitaka kukimbia, nikaiachia. Ikanipeleka kwake. Sijui niseme vipi, ndugu zangu, hata mimi sikuelewa. Nilijikuta nimekaa chini kwenye mavumbi, ubavu wangu umegusana na ubavu wake, natetemeka kuliko yeye. Nikamwambia, "Usiinuke. Ukiinuka umekufa." Mtu mmoja mwenye gongo akaniuliza, "Na wewe nani? Mwenzake?"

Nikasema, "Mimi ndiye yule mliyempiga Msimbazi."

Sikupaza sauti, lakini walisikia. Mwenye gongo akanitazama usoni, akaliona hili kovu. Akaliweka gongo chini, akakaa. Wachukuzi wakaja mbio, vibao vinalia mifukoni, wakakaa. Mwenye saa naye tukamkalisha, ana hasira lakini amekaa. Tukasubiri hivyo, kundi zima tumekaa katikati ya barabara kama tunasubiri pilau, mpaka polisi wakaja wakamchukua. Alishtakiwa, akafungwa kama sheria inavyotaka, na mwenye saa akapata saa yake.

Jioni ile nilirudi nyumbani kwa kupita katikati ya soko, nikanunua dagaa, nikabishana bei. Mke wangu aliponiuliza nimepita wapi, nikamtajia mtaa kwa mtaa, akakaa kwenye kizingiti akalia kwa furaha.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama, ambaye leo hakuja kwa sababu ana wateja, na angekuja angenikatiza kila neno. Namshukuru yule mzee wa bara, ambaye binti yake aliolewa na nguo zilifika salama. Nawashukuru wachukuzi. Namshukuru sajenti aliyekubali kuongea na kitanda. Afande, nilikuita paka, ulikuwa mtani wangu na leo ni ndugu yangu.

La kuwaachia ni dogo. Hasira haina macho, na mtu aliyesimama na jiwe anaona anachotaka kuona. Ukikaa chini unapata nafasi ya kuuliza swali moja tu, "nani ameibiwa?" Kama ni mwizi, hatoroki, mmemzunguka. Kama siye, mmejiokoa na damu ya mtu. Sheria ipo, tuiache ifanye kazi yake.

Mke wangu amekaa pale kwenye mkeka na mtoto wetu mapajani. Mtazameni, msimwonee haya. Mtoto huyo amezaliwa baada ya siku ile ya Msimbazi. Walionipiga walidhani wanampiga mtu mmoja. Mkisikia tena kelele za mwizi, kabla hamjainama kuokota jiwe, mkumbukeni huyo mtoto. Asanteni kwa kunisikiliza.