Hewa ya Nohelia Ina Hati

Gari la kebo lilipoanza kupanda vilima vya Medellín, mama aliyeketi mbele yangu alichomoa karatasi kwenye bahasha akamsogezea mzee asiyemjua. "Soma hapo, baba. Nohelia Úsuga. Hati miliki!" Mzee akauliza kiwanja kiko wapi. "Kiwanja ni cha dada yangu. Mimi namiliki hewa ya juu ya paa lake." Mzee akacheka mpaka gari likatikisika. "Makubwa! Hewa nayo ina hati?"

"Tena imepimwa, ina kibali cha ujenzi, na ngazi ni ya wote. Miaka kumi na tisa nimeishi juu ya zege lao, na shemeji akinuna tu, ananiambia nishuke. Anishushe leo tuone!"

"Na nyumba ya chini ikianguka?"

"Nitaelea na hati yangu mkononi."

Mzee akashikilia kwamba hewa ni ya Mungu, haiuzwi. Mimi, mpangaji wa miaka yote, nikanyoosha shingo niisome ile hati.

Tulipokaribia kituo, mama akaonyesha nyumba moja huko chini, nondo zimechomoza juu ya paa. "Ile pale. Sasa nauza hewa ya juu ya paa langu."

Milango ikafunguka. "Mama, subiri kwanza," mzee akasema, "huko juu jua la asubuhi linafika?"