Spiriti ya Miwa

Teksi ya Mayfair, basi dogo la abiria, ilipotoka Doornfontein, Tabia, muuza vitenge, alikaa nyuma ya wanaume wawili waliokuwa wakibishana. Kijana Elisée alikuwa na mbio za pikipiki kesho yake, na mafuta yaliyoruhusiwa ni spiriti ya miwa peke yake. Fundi wake, Bakiri wa Tanga, alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa.

"Papa Bakiri, hii haiko pombe, iko mafuta."

"Nikinuka kilabu msikitini nimwambie nini imamu? Kwamba aliyelewa ni pikipiki?"

Tabia aliiona hoja hiyo dhaifu, kwa kuwa swala ilikuwa leo na mbio kesho.

"Basi jeti nitaipanua mwenyewe," Elisée alisema, akionyesha kipande kidogo cha shaba kinachopitisha mafuta kwenye kabureta.

"Wewe? Spiriti inataka njia pana kuliko petroli. Ukikosea tundu, pistoni itayeyuka nawe ukiwa juu yake, mwanangu." Bakiri alikichukua, akachungulia tunduni.

"Kwa hiyo utakuja?"

"Sijasema hivyo."

Teksi ilisimama karibu na msikiti. Bakiri alishuka, akavuka barabara bila kugeuka. Elisée alibaki amefungua kiganja kitupu. Jeti ilikuwa imeondoka na kanzu.