Jiwe la Kisima Liko Chini ya Liki

Sogeeni, wanangu, Tegid na wewe Lleucu, zimeni hiyo redio mnisikilize pumzi ikiwa bado yangu. Kinu cha maji ni chenu nyote wawili, kondoo wa mlimani ni wa Tegid, kabati la vyombo la mama yangu ni la Lleucu. Hayo ni mepesi. Lililonielemea ni jiwe.

Mnalijua bango la kumbukumbu ukutani mwa kinu chetu, linalowasimamisha wageni wakitoka kutazama daraja na kanisa. Halikuwa letu. Miaka thelathini na moja iliyopita kamati ya kijiji, iliyokuwa ikitundika mabango penye vitu vya kale, ilibakiwa na bango moja, na kila mtu alijua litakwenda kwenye kisima kilicho nyuma ya nyumba ya shangazi yenu Nesta, kwa ajili ya lile jiwe lake lililochongwa maandishi mwaka 1694. Mimi niliolewa hapa kutoka ng'ambo ya mlima, na tangu siku ya kwanza nilisikia Nesta hili, Nesta lile: Nesta akiimba kanisani mchungaji anafuta macho, mkate wa zabibu wa Nesta haukauki. Hata baba yenu, Mungu amlaze pema, akila wangu alisema, "Mzuri, Mared, unaukaribia wa dada." Unaukaribia! Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi siku ya maonyesho ya kondoo, kijiji kizima kikiwa uwanjani, nikachukua mtaimbo nikaling'oa lile jiwe, nikalileta kwa toroli na kulizika kwenye tuta langu la vitunguu vya liki. Kamati ilipokuja ikakuta shimo. Bango likaja kwetu. Wa kwanza kubisha hodi kunipongeza alikuwa Nesta, mkate mkononi. "Hongera, wifi! Sasa wageni wakuchoshe wewe, mimi nipumzike." Nilicheka naye, na mkate wake nikawapa kuku.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Tangu nilale hapa, ni yeye anayefua mashuka yangu na kupalilia bustani. Juzi aliingia na udongo kwenye kucha, akaniwekea mto vizuri, akasema taratibu, "Wifi, jembe limegonga jiwe. Nimelisoma, nimelifukia tena. Shamba la mgonjwa halichimbuliwi." Kisha akaniuliza kama nataka supu ya liki. Wanangu, badala ya kushukuru, nikamwonea wivu hata huo moyo wake.

Sasa nendeni, kabla... kabla ya mvua. Lichimbueni, mlirudishe kisimani mchana kweupe, watu wakiona, na mseme aliyeliiba ni mama. Bango ling'oeni, mpelekeeni Nesta. Dirisha liacheni wazi, nisikie nyundo. Msioneane kijicho, akisifiwa mmoja wenu, mwenzake awe wa kwanza kupiga makofi. Mungu awape... mioyo mipana kuliko wangu.

Na makaburini Nesta aimbe, kwa sauti yote, asinihurumie.

Mwiteni. Mwambieni... nataka kipande cha mkate wake. Safari hii nitaula mwenyewe.