Bwana Tak na Mlinzi Aliyesoma Kumi Kuwa Moja

Tarehe thelathini na moja Desemba, Bwana Tak Man-ho atarudisha kadi ya mlangoni na kustaafu, baada ya kuitumikia kampuni yetu hapa Daejeon kwa miaka thelathini na mmoja. Wasifu huu ulikuwa uandikwe na mkurugenzi. Bwana Tak akasema mkurugenzi atamsifu mpaka asijitambue, afadhali waseme watu wa jikoni. Basi mimi Yang Bun-rye, mpishi wenu, nimesema, na Bi Noh wa idara ya wafanyakazi ameandika. Nimemkataza kuninyooshea maneno.

Nianze na lile mnalolinyamazia. Tangu majani yaanze kuanguka, Bwana Tak anabakiza wali. Mtu aliyekuwa akikwangua bakuli mpaka likalia, sasa analirudisha nusu. Nilimuuliza ana nini. Akanijibu, "Dada, Januari nitaamka asubuhi niende wapi?" Kwa kanuni zetu, sisi vibarua wa jikoni tukiachwa, ukifika sitini mlango unafungwa nyuma yako, na yeye amefika. Anaogopa kwamba bila kadi ile hatakuwa mtu. Shikeni hilo, nitalirudia.

Kazi yake mnaijua kwa jina la Mlinzi, ile programu ndogo inayokaa mlangoni mwa tovuti za wateja wetu. Ukifungua ukurasa, kabla hujaona hata picha, Mlinzi ameshaiuliza kompyuta yako: unaendeshwa na mfumo gani, toleo la ngapi, una umri gani mwanangu. Kisha anaupa ukurasa taarifa, nao ukurasa unajua namna ya kusema na mgeni wake.

Watu wengine wanaona ni umbea. Lakini sisi wenyewe tukikutana na mtu, chai haijapoa tumeshamuuliza umri. Usipojua nani mkubwa, hujui umwite kaka au umwite kwa jina, hujui nani amimine na nani amiminiwe. Mnakaa mnatazamana kama kuku wageni. Bwana Tak alimfundisha Mlinzi adabu hiyo, kuuliza kwa upole kisha kusema kwa kipimo.

Na kompyuta hudanganya, hamjui? Kama yule kijana anayejiongezea mwaka ili aitwe kaka, zipo programu zinazojitaja kwa jina la nyingine, kwa sababu zimezoea kufungiwa mlango zikitaja lao. Wenzake walizikasirikia. Yeye akasema, "Ukiona mtu anadanganya jina mlangoni, mchunguze kwanza mlinzi." Neno hilo nalipenda mpaka leo.

Sifa yake nyingine ni kile kitufe cha kijani. Zamani mteja akipiga simu kuomba msaada, vijana wa dawati walikuwa wakimuuliza anatumia mfumo gani. Mmoja alijibu, "Wa kijivu." Mwingine alisema, "Wa mkwe wangu, mimi nimeazima tu." Bwana Tak akaweka kitufe. Ukikibonyeza, mashine inajieleza yenyewe kwenye ukurasa mmoja: jina la mfumo, toleo, aina ya kichakataji, kumbukumbu kiasi gani. Isipojua jambo, inaandika "haijulikani". Wakubwa walitaka neno hilo lifutwe, eti linaaibisha kampuni. Aligoma. Alisema aibu ni kubahatisha.

Sasa nakuja kwenye ile asubuhi ya tiketi, maana wasifu usio na kovu ni wa maiti.

Mnajua siku tiketi za mwaka mpya wa jadi zinapofunguliwa nchi nzima haina akili. Kila mtu ana mama anayemngoja kijijini na sufuria la supu ya keki za mchele. Mteja wetu mmoja wa mabasi alifungua mauzo, na simu zikaanza kulia mpaka huku jikoni zikasikika. Waliokataliwa mlangoni walikuwa watu wenye kompyuta mpya kabisa. Mlinzi aliwaambia, "Mfumo wako umezeeka mno, tafadhali ubadilishe." Wenye vikuukuu vyao wakapita wakicheka.

Chanzo kilikuwa hiki. Mlinzi alizoea matoleo ya tarakimu moja: saba, nane. Basi alisoma tarakimu ya kwanza akaona yatosha. Likatoka toleo la kumi. Akaona moja, sifuri hakuitazama. Kijana mbichi akasomwa kuwa babu wa mababu.

Mkuu Bang, aliyeongoza idara wakati ule, aliingia chumba cha chakula mshipa wa shingo umemtoka. "Nani aliandika huu upuuzi?"

Kulikuwa na watu wengi pale ambao mikono yao ilipita kwenye kazi hiyo. Wote walitazama supu zao. Bwana Tak akainua mkono, akasimama. "Mimi, mkuu. Nilidhani watoto hawatafika kumi."

Simu ya kwanza aliipokea yeye mwenyewe. Mama mmoja wa Gurye alimfokea, nasi tunasikia mpaka mezani. "Kijana, kompyuta hii mwanangu kaninunulia juzi, bado ina plastiki, wewe unaiita kongwe? Kongwe ni mimi!"

"Kweli, mama. Aliyekosea si kompyuta, ni mimi. Nyumbani wanakuja wangapi?"

"Hakuna. Mwaka huu mimi ndiye ninayekwenda kwao, ndiyo maana nimekasirika."

Alirekebisha kabla chakula cha mchana hakijaisha, na mteja akakubali kufungua mauzo upya mchana uleule. Watu walifika makwao. Yule mama alimtumia kisanduku cha matunda makavu, na juu yake ameandika, "Kwa kijana aliyeona kumi akasema moja."

Lakini Mkuu Bang hakutulia. Alitaka kuanzia siku hiyo Mlinzi amfungie mlango kila asiyemtambua, yaishe. Bwana Tak akamwambia mbele yetu sote, "Mkuu, tukifanya hivyo, kila kitakachozaliwa kesho kitalala nje."

"Basi tuulize nini, kama umri na jina havitoshi?"

"Tuulize inaweza nini." Akanyoosha kidole upande wangu, nimeshika birika la chai ya shayiri. "Dada Yang alikuja hapa amevuka sitini, hana cheti hata cha chanjo. Hatukumuuliza kitu. Tulionja supu yake."

Mkuu Bang alitazama bakuli lake. Lilikuwa tupu. Akasema, "Haya. Andika hivyo."

Tangu siku hiyo Mlinzi hamfukuzi mgeni kwa sababu ya jina wala toleo. Anamuuliza: unaweza kuonyesha picha hii? Unaweza kutunza siri ya malipo? Anayeweza anapita. Wateja wetu wengi wamekuja kwa sababu ya hilo, na wahandisi wote mnaofanya kazi kwa utaratibu huo mmejifunza kwa mtu mmoja anayebakiza wali.

Sasa narudi pale nilipowaambia mshike. Mtu aliyewafundisha kuuliza "unaweza nini", ninyi mmemuuliza umri. Kanuni ni kanuni, mkurugenzi, sikupigii kelele, wewe nawe utafika. Lakini nilikwenda kwenye jumba la wazee la mtaani kwetu. Pale kuna kompyuta za kila ukoo, nyingi zilitupwa na wajukuu, na kila mwaka mpya tunakosa tiketi kwa kubonyeza ovyo. Nikamwambia mwenyekiti wetu, Mzee Chu, mwenye miaka themanini na saba, kwamba nina mtu.

"Ana miaka mingapi?"

"Sitini."

"Sitini? Huyo ni mtoto bado. Anaweza kuosha vikombe?"

"Anaweza, mzee. Na kompyuta anazijua."

"Kompyuta baadaye. Sisi hapa mdogo ndiye anayeosha vikombe. Tumengoja mdogo tangu Bibi Ma afike sabini na tano akagoma."

Jana nilimpelekea Bwana Tak habari hiyo pamoja na supu ya machipukizi ya soya. Akauliza, "Wana vikombe vingapi?" Nikamwambia vingi, na vina ukoko. Akavuta bakuli karibu. Lilirudi jikoni limekwanguliwa, sikuwa na la kuosha.

Bwana Tak, wenzako wote wa kampuni hii wanakushukuru kwa kazi, na kwa mkono ulioinuka siku ambayo mikono mingine ilikuwa chini ya meza. Tunakutakia afya, usingizi mzito, na wali usiobaki. Usifike jumba la wazee baada ya saa tatu Jumatatu ya kwanza ya Januari. Na ukiulizwa umri mlangoni, taja sitini kwa kujivuna, maana pale wataisoma vizuri: mtoto wa nyumba amefika.